Ubao, ukili na taarab kwenye televisheni ya mji mdogo

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973 ikiwa na picha za rangi, na inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miaka 20 hivi, Unguja ilikuwa na kioo chake wakati Dar es Salaam bado inasikiliza redio.

Leo mambo ni mengine. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine kufuata, king'amuzi kimoja huleta chaneli chungu nzima sebuleni. Chaneli ndogo ya mji au ya wilaya inagombea macho yale yale na mpira wa Ulaya pamoja na tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Kwa fedha haitashinda. Ila ina kitu ambacho wakubwa hawana, nacho ni ujirani. Mwalimu anayefundisha hesabu kwenye kioo usiku huu, mtoto atakutana naye kesho sokoni. Bibi anayesuka mkeka kwenye kipindi anaishi mtaa wa pili, na anayetaka kuuliza anabisha hodi. Vipindi vya elimu na sanaa vinavyodumu kwenye chaneli ndogo ni vile vilivyojengwa juu ya ujirani huo. Vinavyokufa baada ya wiki sita huwa vimeiga vya wakubwa kwa bajeti ya wadogo.

Tuanze na somo, maana ndilo linaloonekana rahisi na ndilo linaloharibika mapema zaidi. Linaharibikia mezani kabla kamera haijawashwa. Kosa la kawaida ni kumchukua mwalimu mzuri, kumsimamisha mbele ya ubao na kumwambia afundishe kama anavyofundisha darasani. Darasani mwalimu anasoma nyuso: akiona vipaji vimekunjamana anarudia, akiona mikono juu anasonga mbele. Mbele ya kamera hana uso wa kusoma. Basi ataharakisha au atarudia mno, na mara nyingi hufanya yote mawili ndani ya dakika tano.

Dawa yake ni mswada. Somo moja libebe jambo moja tu. Chukua kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, mathalani nusu na theluthi. Mswada mzuri hauanzi na kanuni, unaanza na kosa ambalo watoto hulifanya kweli: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu aliandike ubaoni kisha aulize: chapati nusu ukiiongezea kipande kingine, inaweza kupungua ikawa chini ya nusu? Kwa maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Hapo mtoto anaona kwa akili yake kwamba jibu lina kasoro, hata kabla hajaambiwa njia sahihi. Ndipo chapati ikatwe vipande sita sawa, nusu ihesabiwe kuwa vitatu, theluthi iwe viwili, na jumla ije kuwa 5/6. Chapati iwe imepoa, kwani ya moto hunyumbuka na kuchanika, vipande vikawa havilingani na mfano mzima ukapotea. Ziandaliwe nne, si moja, kwa sababu tukio hilo litarekodiwa zaidi ya mara moja.

Baada ya kila swali, mswada uonyeshe kimya, na kimya hicho kiandikwe kwa sekunde. Swali la kufikiri tu lipewe sekunde 10. Swali la kuandika kwenye daftari lipewe 30, swali lenyewe likiwa limebaki kwenye kioo. Mhariri atatamani kukifupisha kimya hicho, kwa kuwa kwenye televisheni kimya kinaonekana kama hitilafu. Asikiguse. Kimya ndicho wakati pekee mtoto anapofanya kazi mwenyewe, na kikikatwa somo linageuka hotuba. Muziki pia usiwekwe hapo. Weka saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye pembe ya picha, ili mtu aliyeingia sebuleni ajue kwamba matangazo hayajakatika.

Urefu unahesabika. Somo la dakika 20 lenye dakika 4 za kimya na dakika 5 za vitendo linabakiza dakika 11 za maneno. Mwalimu anayeeleza taratibu husema kama maneno 90 kwa dakika, basi mswada wake hauzidi maneno 1,000. Ukikuta umeandikwa maneno 2,000, hayo ni masomo mawili, usijaribu kuyabana kuwa moja. Na masomo matatu kwa siku yanatosha kurekodiwa. Ukilazimisha sita, sauti ya mwalimu katika yale ya mwisho itakusaliti.

Sasa ubao. Ubao mweupe wa kalamu ni adui wa kamera: unang'aa, taa inajitokeza juu yake kama mwezi, na maandishi ya wino uliofifia hayasomeki. Ubao mweusi au wa kijani usiong'aa ni bora. Ukikosa, karatasi ya kaki iliyobandikwa ukutani na kalamu nene nyeusi hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Ubao wa chaki ufutwe kwa kitambaa chenye maji na uachwe ukauke kabisa kabla ya kuandikwa, kwa sababu vumbi la chaki ya jana huufanya uwe wa kijivu na herufi kuzama.

Kipimo cha herufi kisikadiriwe kwa macho ya aliye studio. Ikiwa kamera inachukua ubao wenye upana wa mita 1.5, kimo cha picha hiyo ni kama sentimita 84. Herufi isiyofika sehemu ya ishirini ya kimo, yaani sentimita 4 na kidogo, haisomeki kwenye televisheni ndogo iliyowekwa upande wa pili wa chumba. Mwambie mwalimu aandike herufi za sentimita 6 au 7 na mistari isiyozidi sita. Kwa maandishi yanayowekwa na kompyuta hesabu ni ile ile: kwenye picha yenye mistari 1,080, herufi zisishuke chini ya pikseli 54. Na maandishi yote yakae mbali na kingo, ndani ya asilimia 90 ya katikati, kwani televisheni nyingi za zamani hukata pembeni. Chaneli ambayo haijawahi kulipima hilo hupoteza nambari ya mwisho ya kila hesabu bila kujua.

Mtazamaji anavumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya. Fedha ikiwa ya kununua kitu kimoja tu, nunua kipaza sauti cha kubana kwenye nguo kabla ya kufikiria kamera mpya. Kikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kwa mwalimu mwenye mtandio au buibui, kikibanwa chini ya kitambaa kitanasa mchakacho kila anapogeuka kuuelekea ubao. Kibanwe juu ya kitambaa, na waya ushikizwe kwa gundi ya karatasi sehemu mbili ili usivute. Mkufu na bangili ziondolewe. Feni izimwe, hata kama joto ni kali, na ndiyo sababu vipande virekodiwe kwa dakika 6 au 7 kila kimoja, kisha feni iwashwe watu wapumue.

Nyumba za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, zina dari ndefu na kuta ngumu, na mwangwi wake humfanya mwalimu asikike kama yumo kisimani. Tandika mikeka na mazulia sakafuni, simamisha godoro nyuma ya kamera, tundika mablanketi mawili pembeni nje ya picha. Piga kofi moja la mkono: ukisikia mlio unaobaki hewani, ongeza blanketi. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya watu wote wakiwa ndani, maana mhariri atazihitaji kuziba mapengo. Na panga ratiba ya kurekodi ukiwa na nyakati za adhana mkononi, pamoja na saa za mapumziko za shule iliyo jirani.

Wakati wa kurekodi, vilele vya sauti viwe karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, yaani pale sauti inapoanza kupasuka. Kipindi kilichokamilika kipimwe kwa wastani, si kwa kilele. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EBU R128 ni LUFS 23 chini ya kikomo (LUFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), na programu nyingi za kuhariri, zikiwemo za bure, hukipima. Chochote mtakachochagua, kiwe kimoja kwa vipindi na matangazo ya biashara pia. Tangazo la duka likiwa na kelele kuliko mwalimu, mzazi hupunguza sauti wakati wa tangazo na hakumbuki kuirudisha. Somo likiendelea, mtoto hasikii.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kamera irekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kamera nyingi, na simu karibu zote, hutoka dukani zikiwa zimewekwa 30, ndiyo maana taa za ukumbi huonekana zikipepesa au michirizi ikipanda kwenye picha. Jambo la pili ni kanzu. Mwalimu mwenye ngozi nyeusi ndani ya kanzu nyeupe huichanganya kamera iliyoachwa ijipimie mwanga, nayo hulinda weupe na kumtia uso gizani. Zima upimaji wa kujiendesha, upime uso, kisha sogeza taa upande wa uso na uikinge nguo kwa kipande cha kadibodi. Au mwombe avae rangi ya maziwa au bluu ya mpauko. Mistari myembamba kwenye shati huchezacheza kwenye kioo, kwa hiyo iepukwe.

Kama kuna mkalimani wa lugha ya alama, na naona kila somo linastahili mmoja, asibanwe kwenye kidirisha cha pembeni ambacho mikono inatoka nje. Apewe angalau sehemu ya sita ya kioo, nguo isiyo na maua na inayotofautiana na rangi ya ngozi yake, na maandishi yoyote yasipite juu yake. Hilo liamuliwe kabla ya kurekodi, kwa sababu mwalimu akishasimama katikati ya picha hakuna pa kumweka mkalimani.

Sanaa za mikono ndipo chaneli ndogo inapoweza kufanya kile ambacho chaneli ya taifa haina subira nacho. Chukua ukili, utepe unaosukwa kwa kindu na kushonwa kuwa mkeka. Kipindi cha kawaida humhoji bibi, kikaonyesha mikono yake kwa sekunde nne, kisha kikarudi usoni. Mtazamaji anabaki na heshima kwa bibi, lakini hajajifunza kusuka. Kipindi kinachofundisha hukaa kwenye mikono, na swali la kwanza ni kamera iwekwe wapi. Ikiwekwa mbele ya msukaji, kulia kwake kunakuwa kushoto kwa mtazamaji, na kila anayejaribu kuiga nyumbani anasuka kinyume hadi anakata tamaa. Kamera isimame nyuma ya bega, au juu kabisa ikitazama chini, ili mtazamaji aone mikono kama anavyoiona yake mwenyewe.

Kila hatua ionyeshwe ilivyo: kindu, majani ya mkindu yaliyokaushwa, zinachanwa ziwe na upana unaolingana, nyingine zinachemshwa na rangi, kisha zinaloweshwa kidogo kabla ya kusukwa, maana zikikauka sana huvunjika kwenye mkunjo. Kila hatua iwe na mfano wake ulioandaliwa tayari mezani, kwa kuwa mkeka mmoja huchukua siku nyingi na hakuna kamera itakayosubiri. Lakini usukaji wenyewe uonyeshwe bila kukatwa kwa mizunguko mitatu kamili. Mzunguko wa kwanza kwa kasi ya kawaida ili uzuri uonekane. Wa pili polepole, msukaji akitamka: huu juu, huu chini. Wa tatu polepole bila maneno, mtazamaji akifuata kwa mikono yake. Picha ya kompyuta iliyopunguzwa kasi haitoshi, kwani mkono wa fundi anayefundisha husita mahali panapohitaji kusita, na kusita huko ndiko somo lenyewe. Weka pia sehemu ya makosa: ukili uliolegea, ukili uliopinda kwa sababu kindu moja ilikuwa pana kuliko wenzake, na namna ya kufumua bila kuharibu kazi yote. Kwa kupaka rangi kwenye kindu, kukata nakshi za mlango au kuchora hina, kanuni ya bega na mizunguko mitatu ni hiyo hiyo.

Taarab ni kazi nyingine kabisa. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, kwa hiyo tunazungumzia muziki uliozoea vyombo vya kurekodia kwa karibu karne moja. Hata hivyo televisheni huukosea mara kwa mara kwa kuubana ndani ya ratiba. Wimbo wa taarab asilia waweza kwenda dakika 10 hadi 15. Ukiukata katikati ya beti ili uingize tangazo, umekata shairi, na mshairi huenda amekaa sebuleni akitazama. Nyimbo mbili nzima kwa nusu saa ni bora kuliko vipande vya tano.

Sauti isichukuliwe kutoka kwenye spika za ukumbi. Chukua mwimbaji kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kisha weka vipaza viwili vya ziada jukwaani: kimoja karibu na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) na udi, ambavyo humezwa haraka na akodiani, kingine mbele ya fidla. Ngoma ya dumbak haihitaji msaada, itaingia kila mahali. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu na hulegea tuni jukwaa likipata joto la taa, basi taa ziwashwe mapema, mpigaji atune chini ya mwanga huo huo atakaopigia.

Kamera tatu zinatosha, hata mbili. Moja ibaki pana wakati wote na isiguswe, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa mhariri atakapokuta nyingine imetikisika. Ya pili ni ya mwimbaji. Ya tatu itafute vidole vya wapigaji kwenye sehemu ya ala kabla ya beti, maana hapo ndipo mwimbaji amesimama tu na mtazamaji anataka kuona muziki unatoka wapi. Halafu kuna tunza, yaani fedha ambazo mwimbaji hupewa akiwa anaimba. Watu watainuka kwenda kumtunza mwimbaji, watapita mbele ya kamera, na wengine watageuka kutazamana na yule ambaye ubeti umemgusa. Wapiga picha wasio wenyeji hulichukulia hilo kuwa usumbufu, wakaomba watu wakae. Tunza ni sehemu ya onyesho. Iachwe njia ya upana wa mita mbili kutoka viti hadi jukwaani, na kamera ya mwimbaji isimame pembeni mwa njia hiyo, kimo cha kifua, ili mwenye kutunza aonekane ubavu badala ya mgongo.

Kabla ya yote, haki. Wimbo una mwenye shairi, mwenye muziki na wenye kuupiga, na si lazima wawe mtu mmoja. COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar ndizo zinazoshughulikia hakimiliki. Lakini hata ukiwa na kibali chao, andika na kikundi mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nini kinarekodiwa, kitarushwa mara ngapi, kitawekwa mtandaoni au hapana, na mapato yakija yatagawanywaje. Kifungu cha mtandaoni ndicho kinachosahaulika na ndicho kinacholeta ugomvi. Kwa watoto wanaoonekana kwenye masomo, ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na jina kamili la mtoto lisiwekwe kwenye kioo.

Ratiba nayo ifuate maisha ya mji, siyo mazoea ya studio. Watoto wengi wa pwani wana shule, kisha madrasa. Magharibi huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na saa 2 usiku wakubwa wanataka habari. Dirisha la somo basi ni saa 1 na robo hadi saa 2 kasoro robo usiku, na marudio yawe Jumamosi saa 3 asubuhi. Ramadhani dirisha hilo halifai, kwani watu wamo kwenye futari na kujiandaa kwa tarawehe, hivyo somo lisogezwe alasiri na tangazo la mabadiliko lianze wiki moja kabla.

Hapa pana mtego wa kwetu kabisa. Kompyuta ya kurushia vipindi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Karatasi ikisema "saa 1:15 usiku" na kijana wa zamu akaingiza 01:15 badala ya 19:15, somo litaruka watu wote wakiwa wamelala, na jioni kioo kitakuwa na pengo. Karatasi ya ratiba iwe na safu mbili za saa, ya Kiswahili na ya mashine, na aliyeijaza asiwe ndiye anayeihakiki.

Makosa yatapita. Mwalimu ataandika 5/8 mahali pa 5/6 na watu wanne watatazama bila kuliona. Kabla ya kurushwa, somo litazamwe na mwalimu mwingine wa somo hilo akiwa na kalamu, akikokotoa kila hesabu mwenyewe, sauti ikiwa imezimwa. Kosa likishafika hewani limeingia kwenye madaftari. Lirekebishwe mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, kwa maandishi yanayokaa sekunde 15, na faili lenyewe litengenezwe upya kabla ya marudio ya Jumamosi. Chaneli nyingi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili, kisha kosa hurudi kila muhula.

Majibu ya watazamaji yakusanywe kwa karatasi pia, si kwa ujumbe wa simu pekee. Sanduku lililowekwa kwenye duka moja la kila mtaa, na mtu wa kulikusanya kila Alhamisi, litakuonyesha madaftari ya watoto wasio na simu. Ukiona majibu kumi yenye 2/5, umeshapata mwanzo wa kipindi kijacho.

Lililobaki ni kuhifadhi. Picha ya megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa, basi vipindi vitatu vya nusu saa kwa wiki ni karibu gigabaiti 34, na mwaka mzima ni terabaiti 1.8 hivi. Hiyo ni diski mbili zinazofanana, moja kituoni na nyingine nyumba tofauti, ziunganishwe na kusomwa kila baada ya miezi sita, kwa sababu diski iliyokaa kabatini hufa kimya. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo lenzi na diski zikae kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya maji, vinavyokaushwa au kubadilishwa kila mwezi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha aina ya kipindi, kisha jina la somo au wimbo. Na pembeni mwa kila faili la taarab liwekwe faili la maandishi lenye shairi zima kama lilivyoimbwa siku hiyo, jina la mshairi, mtunzi wa muziki, na kila mpigaji pamoja na ala yake. Shairi liandikwe wiki hiyo hiyo, mwimbaji mwenyewe akisoma na mtu mwingine akiandika, kwa sababu yako maneno ya Kiunguja, ya Kipemba na ya Kimvita ambayo mhariri kijana atayasikia vibaya.